Betri za Mkoba wa Tetemeko

Siku moja baada ya magari ya zimamoto kuja mlangoni kwake, Fusae Kuroiwa alinunua maboksi kumi na moja ya biskuti za mchele, akavaa nguo yake nzito ya kijivu ingawa jua la Septemba lilikuwa bado kali, akazunguka mtaa kuomba radhi. Huko Yonezawa, mji wa Japani, ndivyo inavyofanywa. Uwe moto au uwe moshi tu, aliyewashtua majirani hupita mlango kwa mlango, huinama, hutoa boksi kwa mikono miwili. Alikuwa na miaka sabini na tisa, na goti lake la kulia lilikuwa halikunjiki vizuri. Aliinama mara kumi na moja.

"Nimewasumbua sana jana," alisema kila mlango.

"Hapana, bibi, bora u mzima," walimjibu, na wengi wao wakaongeza kwa sauti laini, ile ya kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, "Uzee nao, ndiyo hivyo tena."

Alipofika mlango wa tano kilichomuuma hakikuwa tena goti. Ilikuwa hasira. Kilichoungua nyumbani kwake kilikuwa chaja ya simu. Na kama kulikuwa na mtu mmoja katika mji ule asiyestahili kuambiwa ameunguza chaja ya simu, alikuwa yeye.

Kwa miaka ishirini na tisa Fusae alikaa mwisho wa meza ndefu, katika kiwanda kilichokuwa kando ya mto na ambacho siku hizi ni uwanja wa kuegesha magari, akikagua chaja za simu za nyumbani zisizo na waya. Kile kitako cha plastiki kinachokaa kwenye umeme, ambacho mkono wa simu hulala juu yake, kilipita mbele yake mara elfu kadhaa kwa wiki. Mashine za kupimia zilikuwepo, zenye mishale na taa. Lakini yeye alikuwa na kipimo chake. Aligeuza mkono, akaweka upande wa ndani wa kifundo juu ya chaja, pale pale mama anapoonjea joto la maziwa ya mtoto, akahesabu hadi tano. Ikiwa vuguvugu, inapita. Ikichoma, inarudishwa. Mwaka wa kwanza msimamizi alimcheka. Mwaka wa tatu alikuwa akimwita kutoka meza nyingine: "Fusae, hebu njoo uweke mkono hapa."

Mtu wa namna hiyo haishi na simu kama sisi tunavyoishi nayo. Kila Jumatatu alichomoa plagi, akafuta vumbi, akasugua vile vibati viwili vya chaja kwa kitambaa kikavu. Hakuishika kwa mikono yenye maji. Hakuifunika kwa kitambaa cha kufuma, kama wanavyofanya wanawake wengi mtaani ili ipendeze. Radi ikianza kunguruma upande wa mlimani, plagi ilikuwa nje kabla ya tone la kwanza. Mumewe, marehemu Shoji, aliwahi kuweka funguo na sarafu juu ya kitako cha kuchajia, akanyamaziwa siku tatu. Hakurudia.

Na betri vilevile. Mkono wa simu ulikula betri mbili ndogo za kuchaji, za aina iliyotajwa kwenye kijitabu na si nyingine. Kila alipoweka mpya alizizungushia kipande chembamba cha utepe mweupe wa karatasi, akaandika tarehe na herufi ya jina lake, kama alivyotia alama kazi zake kiwandani.

Sasa sikilizeni yaliyotokea, maana wengi mtaani waliyasimulia kichwa chini miguu juu.

Tarehe kumi Septemba, asubuhi, alikuwa jikoni akikata biringanya za kutia chumvi. Alisikia kitu kikipiga mluzi sebuleni, kama birika dogo. Kisha harufu. Alipofika, mkono wa simu ulikuwa umevimba mgongoni, ukapasuka mbele yake kwa kishindo kidogo, ukatema maji ya moto yenye povu. Plastiki ya chaja ilikuwa imeanza kuyeyuka na rafu ya mbao chini yake ilikuwa inatoa moshi. Alichomoa plagi kwanza. Kisha akafungua madirisha. King'ora cha moshi kilikuwa kimekwisha lia, jirani alikuwa amekwisha piga simu, na magari mawili mekundu yakaja kwa moshi ambao kikombe kimoja cha maji kingeuzima.

Afisa wa zimamoto alifungua mabaki kwa koleo, akamwonyesha betri mbili zilizopasuka.

"Bibi, hizi ni betri za kawaida," alisema. "Za redio na tochi, za kutumia na kutupa. Hazichajiwi. Umeme ukisukumwa ndani yake zinachemka. Nani aliziweka?"

Fusae hakujibu, kwa sababu hakujua. Mchana ule mwanawe Yasunori aliwasili kutoka Sendai, saa mbili kwa gari, uso mweupe kama unga. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, anafanya kazi idara ya maji ya jiji, ameachana na mkewe, na simu yake kwa mama ilikuwa saa sita na robo kila siku, wakati wa chakula. Afisa akamwonyesha betri zile. Yasunori alizitazama kwa muda.

"Mama anaishi peke yake," alisema mwishowe. "Siku hizi anasahau."

Fusae alisimama palepale kando yake. Alitamani kumzaba kofi mbele ya watu wenye kofia za chuma. Lakini hakumzaba, na sababu yake ndiyo iliyomtafuna kwa wiki mbili zilizofuata: hakuwa na hakika. Mkono ni wangu, nyumba ni yangu, alijiambia. Kama si mimi, ni nani?

Tena kulikuwa na jambo jingine, nalo liliuma zaidi. Alikuwa ameijua hatari ile kabla. Tarehe nne aliweka kifundo juu ya chaja, akahesabu, akaondoa mkono alipofika tatu. Yasunori alipopiga saa sita na robo, alimwambia.

"Yasunori, chaja ina joto."

"Mama, huko nje ni digrii thelathini na tatu. Hata mimi nina joto."

"Si joto hilo."

"Mama. Mwezi uliopita ulisema friji inanguruma. Fundi alikuja, akalipwa, hakuona kitu. Tumeshalizungumza hili."

Basi akanyamaza. Na kwa mara ya kwanza tangu ajifunze kazi, hakuuamini mkono wake. Alijiambia labda ngozi ya kizee huhisi moto pasipo moto. Kwa siku sita zilizobaki kabla ya moshi hakuipima tena chaja kwa mkono. Mtu ukimwambia kila siku kwamba amepungukiwa, mwishowe atakusaidia kupunguza.

Baada ya moshi ule, mambo yalikwenda haraka. Aliletwa Bi Otake, mwanamke wa kama miaka thelathini na mitano, mratibu wa matunzo ya wazee, mwenye jalada la kijani na tabia ya kuinamisha kichwa upande akizungumza. Ilipatikana nafasi katika makao ya wazee nje ya Sendai, chumba cha ghorofa ya pili chenye dirisha. Nafasi ilishikwa hadi tarehe ishirini na tano. Ilitakiwa saini ya Fusae. Nyumba ingefungwa kabla ya theluji. Kikao kikapangwa tarehe ishirini na nne, wiki ya kutembelea makaburi, kwa kuwa Yasunori angekuja kwa hali yoyote kumsalimu baba yake.

Asubuhi ya kikao Fusae alitengeneza keki za mchele zilizofunikwa maharage matamu, akaweka mbili mbele ya picha ya Shoji. Kisha, kwa vile mikono ilikataa kutulia, akateremsha mkebe wa betri zilizokwisha. Mtaani kwao betri hizo hukusanywa Jumamosi ya mwisho ya mwezi, nazo haziendi na takataka nyingine. Kila nyumba ina mkebe wake mlangoni. Kabla ya kuitia betri mkebeni, unaziba ncha zake mbili kwa selotepu, zisije zikagusana na kuwaka. Alimimina mkebe juu ya gazeti apange.

Mbili zilikuwa na utepe mweupe wa karatasi.

Aliziokota. Tarehe ya Aprili, mwaka uliopita. Herufi ya jina lake. Hizi ndizo zilizotakiwa kuwa ndani ya simu. Mtu alikuwa amezitoa, akaziziba ncha vizuri kwa selotepu, akazitupa. Na mwisho wa kila kipande cha selotepu ulikuwa umekunjwa ndani kidogo, ukawa kisikio cha kushikia.

Fusae hakunji selotepu. Hajawahi kukunja. Huikata kwa meno, basi. Aliyekuwa akikunja ni Shoji, kila kipande, kila boksi, kila bahasha, miaka arobaini na sita, ili mtu wa kesho asihangaike kutafuta ncha. Na katika ulimwengu huu Shoji alimfundisha mtu mmoja tu.

Alikaa sakafuni, goti likimuuma, akaikumbuka tarehe mosi Septemba yote kama imeandikwa ukutani. Siku hiyo kila mwaka mkoba wa tetemeko, wa kukimbilia nao ardhi ikitikisika, hushushwa kutoka juu ya kabati la viatu. Huangaliwa maji, biskuti ngumu, tochi, redio. Kinachokaribia tarehe yake hutolewa na kutumiwa, maana kukitupa ni dhambi: biskuti huliwa, maji huchemshiwa chai, betri huhamia kwenye saa ya ukutani na rimoti. Yasunori alikuwa amekuja kuushusha kwa sababu yeye ni mrefu. Fusae alikuwa amelalamika siku hiyo kwamba simu inaishiwa haraka. Kisha akaenda dukani kununua tofu ya soya. Aliporudi mkoba ulikuwa juu, na mwanawe alikuwa anafuta mikono, ameridhika na nafsi yake.

Hasira iliyompanda sasa haikuwa ile ya milangoni. Ile ilikuwa na shaka ndani yake. Hii ilikuwa safi.

Saa nne Bi Otake aliingia, akavua viatu, akainamisha kichwa upande. "Bibi yetu, leo tumeamkaje?"

"Mimi nimeamka kwa miguu yangu," Fusae alisema. "Wewe sijui. Kaa."

Yasunori alikuwa amekwisha keti, boksi la simu mpya magotini. Bi Otake alifungua jalada, akatoa fomu, akaisogeza mezani pamoja na kalamu. Fusae aliweka betri mbili juu ya fomu.

"Hizi ni nini, bibi?"

"Muulize huyo."

Yasunori alizitazama. Masikio yake yalikuwa mekundu.

"Basi nitasema mimi," Fusae alisema. "Hizi ni betri zangu za simu, na mwandiko huu ni wangu. Nimezikuta kwenye mkebe wa kutupa. Selotepu imekunjwa mwisho. Mwanangu, baba yako yuko pale ukutani anakutazama. Ni nani katika nyumba hii anayekunja selotepu?"

"Mama."

"Nimekuuliza swali."

"Mimi," Yasunori alisema.



"Ulisema simu haikai na chaji," Yasunori alisema, macho mezani. "Betri za mkoba zilikuwa zinaisha tarehe mwezi wa kumi. Nikaona saizi ni ile ile. Nikaona tusizitupe bure."

"Saizi ni ile ile. Hata kiatu cha mwizi chaweza kuwa saizi yangu. Kwenye kifuniko cha simu imeandikwa, kwa herufi hata mimi nazisoma bila miwani: betri za kuchaji tu. Ulisoma?"

"Sikusoma."

"Hilo ni kosa. Kosa ninalisamehe, nimerudisha makosa kiwandani miaka ishirini na tisa. Sasa niambie lile lingine. Afisa alipokuonyesha betri zimepasuka. Ulizijua?"

Yasunori aligeukia jikoni, ambako birika lilianza kuchemka, na hakuna aliyeinuka.

"Nilizijua," alisema. "Nilizinunua mwenyewe."

"Ukasema nasahau."

"Nikasema hivyo."

"Nikavaa nguo ya baridi. Nikainama milango kumi na moja kwa goti hili. Wakaniambia uzee ndiyo hivyo. Na mimi, mpumbavu, nikalala wiki mbili nikijiuliza mikono yangu imefanya nini nisichokijua. Nilikuambia chaja ina joto. Nilikuambia, Yasunori. Hapa," akamgeuzia kifundo cha mkono mbele ya macho, "hapa nilijua, ukaniambia ni jua."

"Mama, mimi naogopa," alisema Yasunori. "Kila siku saa sita na robo nakaa garini napiga. Ikilia mara nne hujapokea, nakuona umelala sakafuni. Ikilia mara sita, nimeshakuzika. Wewe unatoka bustanini unasema haloo, na mimi nimebaki natetemeka nusu saa, siwezi hata kula. Miaka saba, mama, tangu baba aondoke. Afisa alipouliza, nikaona njia. Nilitaka iwe ni wewe. Ingekuwa ni wewe, ungekuja karibu, nami ningelala."

Bi Otake alikuwa anaangalia mikono yake. Fusae alimtazama mwanawe. Wako watakaosema moyo wa mama ulilainika. Haukulainika. Moyo ulimuuma na hasira ikabaki palepale, vyote viwili kwa pamoja, na asiyejua kwamba hilo linawezekana hajalea mtoto.

"Nilikufundisha usitupe kitu chenye kazi," alisema. "Nashangaa umeanza na mimi."

Akaichukua fomu, akaikunja mara nne, akamrudishia Bi Otake kwa mikono miwili, kwa heshima, maana huyo hakumkosea ila kwa ile "bibi yetu." Bi Otake aliipokea. Kwa sauti ya kawaida, kichwa kikiwa kimenyooka kwa mara ya kwanza, alisema: "Nitaandika kwamba Bi Kuroiwa hakusababisha ajali. Na nitaandika nani alisababisha."

"Andika," Fusae alisema. "Kula keki kwanza."

Kisha akamgeukia Yasunori. "Duka la biskuti za mchele liko wazi hadi saa nane. Maboksi kumi na moja. Milango unaijua. Utasema: ni mimi niliyeweka betri, na nilijua, na nilimwacha mama aombe radhi badala yangu. Usiongeze neno uzee. Nitasimama kwenye lango nikusikie."

"Mama, watu watanionaje?"

"Kama walivyoniona mimi."

Alikwenda. Fusae alisimama langoni, mkono juu ya nguzo yake ya jiwe. Milango ya mbali hakuisikia, lakini aliuona mgongo wake ukiinama, mrefu na mzito, na majirani wakitazama juu ya mgongo ule hadi kwake, na kila mmoja akimwinamia kwa mbali. Mlango wa tisa alimsikia waziwazi. Alisema yote matatu. Ficha maradhi, kifo kitakuumbua, walisema wa kale, na angalau huyu alijiumbua mwenyewe akiwa hai.

Aliporudi hakukaribishwa chai. Alikalishwa sakafuni na boksi la simu mpya, akaambiwa atoe kijitabu na akisome kwa sauti, kuanzia ukurasa wa tahadhari. Alisoma. Tumia adapta iliyokuja na chombo hiki tu. Usiweke karibu na maji wala mvuke. Usiache kitu cha chuma juu ya vibati vya kuchajia. Usikifunike. Usivute waya, shika plagi.

"Endelea."

"Usitumie betri za kawaida," alisoma Yasunori. "Zaweza kuvuja, kupata joto, au kupasuka."

"Rudia."

Akarudia. Fusae aliweka betri mbili mpya za kuchaji, akazizungushia utepe mweupe, akaandika tarehe. Akaulaza mkono wa simu kwenye kitako, mahali papya, mbali na jiko na mbali na picha ya Shoji. Yasunori alikwenda kaburini peke yake, kisha akashika njia ya Sendai bila kuagwa mlangoni. Alisema tu, akifunga viatu, kwamba atapiga akifika.

Saa kumi na moja jioni simu ililia.

Fusae alikuwa amekaa kando yake. Hakupokea. Iliita mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Aligeuza mkono, akaweka kifundo pembeni mwa chaja. Mara ya nne. Alijua huko mbali mtu mzima wa miaka hamsini na miwili alikuwa garini, mkono kwenye usukani, akianza kumwona amelala sakafuni. Mara ya tano. Chaja ilikuwa vuguvugu, kama inavyotakiwa. Aliiacha iite ya sita pia, ile ya kuzikwa, aionje. Mara ya saba akaitwaa.

"Mama?"

"Niko hai," alisema. "Na bado nina hasira nawe. Kesho saa sita na robo."

Alichosikia ni pumzi zikivutwa kwa shida, kisha kilio kile cha mwanamume anayejaribu kukizuia na kimemshinda. Fusae hakumbembeleza. Alikaa na mkono wa simu sikioni, akitazama giza likiingia bustanini, na hakukata.